Ukomunisti Ulianguka, Mbona Hofu Yake Bado Ipo?

Swali: "Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa historia wa sekondari hapa Tanga. Wiki iliyopita nilikuwa nafundisha Vita Baridi kidato cha sita, mwanafunzi akanyoosha mkono akauliza: kama Umoja wa Kisovieti ulisambaratika mwaka 1991, sisi tunasomea nini habari za watu waliouogopa ukomunisti? Nikamjibu kwamba mada hiyo iko kwenye mtihani. Darasa likacheka, lakini mwenyewe sikuridhika. Je, kuupinga ukomunisti kumeacha nini hasa katika siasa za dunia ya leo?"

Marahaba, mwalimu. Jibu lako la mtihani usilidharau, kuna vizazi vizima vilivyoisoma Vita Baridi kwa sababu hiyo tu. Ila kijana wako anastahili zaidi, na bahati nzuri baadhi ya mifano iko ng'ambo ya maji tu kutoka hapo ulipo.

Niseme mapema ninavyoliona jambo lenyewe. Ukomunisti ulikuwa itikadi, lakini kuupinga kuligeuka kazi ya kudumu yenye bajeti, kambi za jeshi, majasusi, mikopo, vituo vya redio na marais wa kutegemewa. Itikadi inaweza kufa kwa usiku mmoja, kama ilivyokuwa Berlin tarehe 9 Novemba 1989. Ofisi haifungwi hivyo, kwa maana kuna watu wanaolipwa humo. Leo tunaishi na zile ofisi, pamoja na mazoea yake ya kuiuliza kila nchi swali moja, "uko upande gani?", hata pale ambapo ugomvi wenyewe ni wa ardhi au mishahara.

Chanzo chake kiko Ugiriki. Februari 1947 Uingereza, iliyokuwa imechoshwa na vita, iliiarifu Washington kwamba haina tena fedha za kuisaidia serikali ya Ugiriki dhidi ya waasi wa Kikomunisti. Tarehe 12 Machi Rais Truman akasimama mbele ya Kongresi akaomba dola milioni 400 kwa ajili ya Ugiriki na Uturuki. Fedha zilikuwa za nchi mbili, lakini ahadi aliyoitoa haikuwa na mipaka: Marekani itawasaidia watu huru popote wanapotishwa na wachache wenye silaha au na nguvu za kutoka nje. Kuanzia siku hiyo, mtawala yeyote mwenye waasi wa bendera nyekundu mlangoni alikuwa na pa kupeleka ankara. Kichekesho ni kwamba Stalin mwenyewe hakuwa na hamu na vita vile vya Ugiriki. Waliowasaidia waasi zaidi ni Wayugoslavia wa Tito, na Tito alipokosana na Stalin kisha akafunga mpaka mwaka 1949, uasi ukaisha.

Ndani ya miaka miwili na ushei vikaundwa vyombo ambavyo mwanafunzi wako anavisikia kwenye taarifa ya habari kila siku. CIA, shirika la ujasusi la Marekani, iliundwa 1947. Mpango wa Marshall ulianza 1948 na ukamwaga karibu dola bilioni 13 Ulaya Magharibi. NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, ilizaliwa Aprili 1949 ikiwa na nchi 12. Leo zipo 32, na ya mwisho, Sweden, iliingia Machi 2024, zaidi ya miaka 32 baada ya adui aliyekusudiwa kutoweka. Kisha ikaja Korea, Juni 1950. Vita ile ilisimamishwa kwa mapatano ya kuacha kupigana Julai 1953, na mkataba wa amani haujasainiwa mpaka leo. Wanajeshi wa Marekani bado wako kusini mwa mstari unaoigawa Korea.

Taiwan nayo ni tunda la siku zilezile. Vita vya Korea vilipoanza, Truman alipeleka manowari kwenye mlango wa bahari ulio kati ya Taiwan na China Bara, ili Mao, kiongozi wa Wakomunisti walioishika China Bara, asivuke kummaliza Chiang Kai-shek, mpinzani wake aliyekimbilia kisiwani. Hatua iliyochukuliwa haraka haraka ndani ya siku chache ndiyo inayotikisa masoko ya dunia hadi leo kila meli ya kivita inapopita pale. Kwa zaidi ya miaka 20 kiti cha China katika Umoja wa Mataifa kilikaliwa na serikali ya kisiwa hicho, kana kwamba mamia ya mamilioni ya Wachina wa bara hawakuwapo. Kiti kilihama tarehe 25 Oktoba 1971, kwa kura 76 dhidi ya 35, na mmoja wa waliolipigania azimio lile kwa nguvu alikuwa balozi wetu, Salim Ahmed Salim. Furaha yake ukumbini siku ile imesimuliwa kwa namna nyingi. Wengine wanasema alicheza. Balozi wa Marekani aliyeshindwa aliitwa George H. W. Bush. Miaka kumi baadaye Salim aligombea Ukatibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, na Bush alikuwa Makamu wa Rais. Marekani ilimzuia Salim kwa kura ya turufu, duru baada ya duru, huku China ikimzuia Kurt Waldheim, hadi wote wawili wakajiweka pembeni na nafasi ikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Sisemi kilikuwa kisasi cha mtu mmoja. Msimamo wa Salim juu ya Palestina na ukombozi wa Kusini mwa Afrika ulimtosha kuonekana mtu wa upande ule.

Hapa nawe usinielewe vibaya, mwalimu, wala usiwafundishe watoto kwamba hofu yote ilikuwa ya kubuni. Vifaru vya Kisovieti viliingia kweli Budapest mwaka 1956 na Prague mwaka 1968. Ukuta wa Berlin ulijengwa kuwazuia watu wasitoke. Na upinzani uliouvunja moyo ukomunisti kuliko wote haukutoka Washington. Ulitoka kwenye kiwanda cha meli cha Gdańsk, Poland, Agosti 1980, pale wafanyakazi walipogoma dhidi ya serikali iliyojiita ya wafanyakazi. Fundi umeme Lech Wałęsa na waziri wa makaburu wa Pretoria wote waliitwa wapinga ukomunisti. Neno ni moja, ila watu hao wasingekaa meza moja.

Tena hofu hiyo ilizaa mema ambayo hayasemwi sana. Desemba 1952 Wizara ya Sheria ya Marekani iliiandikia Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikiunga mkono kuondolewa kwa ubaguzi mashuleni, na mojawapo ya hoja zake ilikuwa kwamba ubaguzi wa rangi unawapa Wakomunisti mtaji wa propaganda. Hukumu ya kuvunja shule za kibaguzi ilitoka 1954. Mtu mweusi wa Mississippi alipata msukumo kidogo kwa sababu Washington ilikuwa na aibu mbele ya Asia na Afrika. Bila Moscow upande wa pili, sidhani barua ile ingeandikwa hivyo.

Sasa tuje kwetu. Napenda kuieleza habari hii kwa kumfuata mtu mmoja, kwa sababu alipita karibu kila mahali ninapotaka kukupeleka. Aliitwa Frank Carlucci, mwanadiplomasia wa Marekani. Mwaka 1960 alikuwa ofisa kijana wa ubalozi huko Léopoldville, Kinshasa ya sasa.

Kongo ilipata uhuru 30 Juni 1960. Siku tano baadaye askari wakawaasi makamanda wao Wabelgiji, na tarehe 11 Julai Katanga, jimbo la shaba, likajitangazia uhuru wake likishikwa mkono na Wabelgiji haohao. Katanga ndiko uliko mgodi wa Shinkolobwe, uliotoa sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima, kwa hiyo hapakuwa mahali pa kuachwa hivihivi. Waziri Mkuu Patrice Lumumba alikuwa na shida ya mwenye nyumba aliyevunjiwa mlango: alitafuta mtu wa kumsaidia kumtoa mwizi. Aliomba Umoja wa Mataifa. Alikwenda Washington mwezi huohuo wa Julai, na Rais Eisenhower hakuonana naye. Askari wa Umoja wa Mataifa walipokataa kumrudishia Katanga kwa nguvu, akapokea ndege na malori ya Wasovieti. Jina likapatikana: huyu ni Mkomunisti.

Je, alikuwa? Ukisoma hotuba zake utakutana na mzalendo mwenye hasira na haraka, aliyewahi kufanya kazi posta na kuuza bia. Lenin humkuti humo. Lakini Agosti 1960 mkuu wa CIA, Allen Dulles, alimwandikia mtu wake wa Léopoldville kwamba kumwondoa Lumumba ni jambo la dharura na la kutangulizwa. Sumu ilipelekwa kweli. Hayo si maneno ya vijiweni, yaliwekwa wazi na uchunguzi wa Seneti ya Marekani mwaka 1975. Haikutumika. Mkuu wa jeshi, Mobutu, aliingilia kati tarehe 14 Septemba, Lumumba akakamatwa miezi miwili na nusu baadaye, na tarehe 17 Januari 1961 akapigwa risasi Katanga mbele ya wakubwa wa jimbo hilo na maofisa wa Kibelgiji. Mwili wake uliyeyushwa kwa asidi. Jino alilolihifadhi polisi mmoja Mbelgiji lilirudishwa kwa familia Juni 2022.

Upande wa pili nao haukulala. Aprili 1965 Che Guevara alipitia Dar es Salaam na Kigoma, akavuka Ziwa Tanganyika kwenda kuwasaidia waasi wa mashariki ya Kongo. Jina lake la siri lilikuwa la Kiswahili: Tatu. Novemba alirudi Kigoma mikono mitupu, na siku chache baadaye Mobutu akachukua nchi yote. Akakaa nayo hadi Mei 1997. Kwa muda wote huo mikopo ilimiminika na misaada ya waasi wa Angola ikapitia kwake. Kila mtu alijua fedha zinakokwenda, lakini alikuwa upande unaotakiwa. Juni 1989 alikaribishwa Ikulu ya Marekani kama rafiki wa zamani. Miaka miwili haikupita, Wasovieti wakiwa hoi, rafiki akageuka mzigo. Dola aliloliacha halikuwa na jeshi la kulinda mipaka yake, na wasomaji wangu wa Goma na Bukavu hawahitaji kuelezwa kilichofuata.

Carlucci kituo chake kingine kilikuwa Unguja. Ugomvi wa Unguja ulikuwa wa wenyeji: ardhi, mashamba ya mikarafuu, na uchaguzi wa Julai 1963 ambapo ASP ilipata zaidi ya nusu ya kura ikaambulia viti vichache kuliko wapinzani wake. Yakaja Mapinduzi ya 12 Januari 1964. Kwa kuwa Abdulrahman Babu wa Umma Party alikuwa na marafiki Peking (Beijing ya sasa), na kwa kuwa Wachina, Warusi na Wajerumani wa Mashariki waliitambua serikali mpya upesi huku Waingereza na Wamarekani wakisuasua hadi mwishoni mwa Februari, magazeti ya Magharibi yakaanza kuandika juu ya Kuba ya Afrika. Kituo cha Wamarekani cha kufuatilia vyombo vya angani huko Tunguu kikafungishwa virago.

Najua utaulizwa darasani kama Muungano wa 26 Aprili ulipikwa Washington. Nimeisikia hoja hiyo miaka mingi na bado sijaikubali. Nyerere alikuwa na sababu zake za Umoja wa Afrika, na Januari hiyohiyo jeshi lake mwenyewe lilikuwa limeasi, kwa hiyo hakuhitaji kunong'onezwa kwamba kisiwa chenye machafuko mlangoni ni hatari. Kwamba Wamarekani na Waingereza walishusha pumzi Muungano ulipotangazwa, hilo halina ubishi.

Januari 1965 Carlucci na mwenzake wa ubalozi wa Dar es Salaam walifukuzwa nchini. Simu yao ilikuwa imenaswa, na ndani yake walitaja risasi. Maelezo ya Wamarekani ni kwamba zilikuwa risasi za maneno, yaani hoja za kuwashawishi wakubwa wao. Waliowasikiliza walielewa za bunduki. Mtu akisikia hivyo miaka minne baada ya Lumumba, utamlaumu? Hofu ilikuwa imezaa hofu.

Mwezi uliofuata ukaja ugomvi wa Wajerumani, na huu naupenda kuliko yote. Ujerumani Magharibi ilikuwa na sera ya kuvunja uhusiano na nchi yoyote itakayoitambua Ujerumani Mashariki, na Zanzibar ilikuwa imeshaitambua kabla ya Muungano. Nyerere akatafuta njia ya kati: Wajerumani wa Mashariki wawe na konseli kuu tu Dar es Salaam, bila kutambuliwa rasmi. Bonn, makao ya serikali ya Ujerumani Magharibi, ikakasirika na kuwaondoa wakufunzi wake wa kijeshi. Nyerere akawaambia wachukue na misaada yao mingine yote, maana msaada wa kuchaguliwa marafiki haukuwa msaada. Ni hapo, kwa maoni yangu, ndipo sera ya kutofungamana na upande wowote ilipoacha kuwa maneno ya hotuba ikawa na bei. Wajerumani wa Mashariki nao waliendelea Unguja, wakasaidia kujenga maghorofa ya Kikwajuni ambayo watu wanaishi mpaka sasa. Nchi iliyoyajenga ilifutika kwenye ramani tarehe 3 Oktoba 1990.

Kusini mwa Afrika hofu hii ilitumika kwa ujanja mkubwa zaidi. Mwaka 1950 serikali ya makaburu ilitunga Sheria ya Kuzuia Ukomunisti, ikaupa ukomunisti tafsiri pana hata aliyetaka mabadiliko kwa kuvunja sheria za ubaguzi aliweza kuingia humo. Desemba 1952 Mandela na wenzake walitiwa hatiani kwa "ukomunisti wa kisheria": hakimu hakudai kwamba walikuwa Wakomunisti kwa maana ya kawaida, ila sheria ilisema ni Wakomunisti. Ureno, mwanachama mwanzilishi wa NATO, ilipigana Msumbiji na Angola huku washirika wake wakitazama pembeni, kwa sababu Wamarekani walihitaji uwanja wa ndege wa Lajes katika visiwa vya Azores. Wapigania uhuru waliopewa makambi na Tanzania, Kongwa na Nachingwea, wangepata wapi bunduki? Magharibi ilifunga mlango, wakaenda Moscow na Peking, kisha wakaambiwa: si tulisema hawa ni Wakomunisti?

Mwalimu, waonyeshe wanafunzi tarehe mbili bila maelezo. Ukuta wa Berlin: 9 Novemba 1989. Rais De Klerk wa Afrika Kusini kuiruhusu ANC na chama cha Kikomunisti: 2 Februari 1990. Hazifiki hata miezi mitatu. Migomo, vikwazo na vita vya Angola viliichosha serikali ile, sikatai, lakini De Klerk mwenyewe alikiri kwamba kuporomoka kwa Ulaya Mashariki kulimfungulia njia. Kisingizio kilikuwa kimekwisha. Na jina la Mandela liliendelea kuhitaji kibali maalumu kuingia Marekani hadi lilipoondolewa kwenye orodha ya magaidi mwaka 2008, akikaribia kutimiza miaka 90. Zile ofisi nilizokutajia, hivyo ndivyo zinavyochelewa kupata habari.

Kituo cha mwisho ni Afghanistan. Wasovieti waliivamia Desemba 1979. Marekani na Saudi Arabia, kupitia Pakistan, zikawapa mujahidina silaha na fedha kwa miaka kumi. Usiseme darasani kwamba CIA ilimlipa Osama bin Laden, kwa sababu ushahidi wa hilo haupo. Yeye alikuwa na fedha zake na wafadhili wake wa Kiarabu. Lakini uwanja alioupata, mtandao alioujenga na imani kwamba dola kubwa linaweza kuangushwa kwa jihadi vilitoka kwenye vita vile. Al-Qaeda iliundwa 1988. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka katika balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam, yakaua watu 224. Wamarekani miongoni mwao walikuwa 12. Waliobaki wengi wao walikuwa Wakenya waliokuwa kazini au barabarani katikati ya mji, ambao hawakuwa na ugomvi na Kabul wala Moscow.

Uvamizi uleule wa 1979, pamoja na mapinduzi ya Iran, ndio uliowafanya Wamarekani mwaka 1980 kufunga mikataba ya kutumia bandari na viwanja vya Mombasa, Oman na Somalia. Ona Somalia: hadi 1977 Wasovieti ndio waliokuwa Berbera. Vita vya Ogaden, kati ya Somalia na Ethiopia, vilipozuka wakahamia Ethiopia, na Rais Siad Barre wa Somalia, mjamaa wa jana, akawa rafiki wa Magharibi. Itikadi ilivuliwa kama koti. Moi naye alivumiliwa kwa miaka mingi kwa hesabu hiyohiyo. Novemba 1991, hesabu ilipofungwa, wafadhili walisimamisha misaada mipya kwa Kenya, na Desemba kifungu cha 2A cha katiba, kilichoifanya nchi ya chama kimoja, kikafutwa. Wakenya waliodai vyama vingi walikuwa wamepigwa na kufungwa kabla ya hapo bila wafadhili hao kukaza sauti.

Sasa somo lako. Ningekuwa wewe ningeandika ubaoni miji mitatu na miaka: Léopoldville 1960, Unguja 1964, Lisbon 1975. Huko Lisbon Carlucci alikuwa balozi baada ya udikteta wa Ureno kupinduliwa. Mkubwa wake, Waziri wa Mambo ya Nje Henry Kissinger, aliamini nchi imeshachukuliwa na Wakomunisti na iachwe iwe funzo kwa wengine. Carlucci alimbishia. Alisema Wareno wapewe muda, na chama cha Kisoshalisti cha Mário Soares kisaidiwe, na Soares akashinda uchaguzi wa 1976. Mwaka 1987 Carlucci akawa Waziri wa Ulinzi wa Marekani.

Kwa kila mji, waambie waandike kwanza watu wa pale walikuwa wanagombania nini kabla mgeni yeyote hajatamka neno ukomunisti. Wa Unguja wasiutafute kitabuni. Hapo Tanga, nusu ya darasa lako haikosi bibi au babu aliyeuona mwaka ule.